Mashine Inachagua Kwanza

Nilinunua chensoo kwa hasira. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Chanika, hapa Handeni, wana maelezo yao kuhusu mimi na ule msumeno wa mnyororo. Wanasema nilikuwa natafuta biashara, wanasema ujane umenikomaza, na siku moja kwenye mkutano wa mtaa nilisimamishwa nikapigiwa makofi kama mfano wa mwanamke anayejituma. Makofi niliyapokea, nikashukuru, nikakaa. Lakini ile mashine nilimnunulia shemeji yangu, ili aisikie ikiwaka kila asubuhi kabla hajamaliza chai.

Shemeji ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Nyumba zetu zinatazamana, katikati kuna ua wa mibono tu, na baraza lake linaona moja kwa moja ukuta wa jiko langu. Kwa miaka mingi upande wetu wa Handeni alikuwa peke yake mwenye chensoo. Ukitaka kuangusha mti shambani kwako, ukishapata kibali cha watu wa misitu, ulikwenda barazani kwake, ukaamkia, ukasubiri amalize mazungumzo yake, kisha ukaeleza shida yako. Alikuwa anapenda sana kusubiriwa.

Desturi ya huku ni kwamba mwenye mti na mwenye mashine wanagawana mbao nusu kwa nusu. Hakuna anayemlipa mwenzake. Mti ukishapasuliwa, mbao zinalazwa chini na kila mmoja anabeba zake. Hilo halina ubaya, maana mwenye mashine naye ana petroli na jasho lake. Ubaya ulikuwa kwenye neno ambalo shemeji aliliongeza mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa peke yake, likageuka sheria. Neno lenyewe lilikuwa hili: mashine inachagua kwanza.

Alilisema akicheka, huku amesimama juu ya mbao za mtu na kuzigusa kwa ncha ya kiatu. Hii, na hii, na hii. Zote zilizotoka kwenye moyo wa mti, zilizonyooka, zenye rangi ya asali, zilikwenda kwake. Wewe uliyepanda na kupalilia ulibaki na zile nyeupe za pembeni ambazo wadudu wanazipenda, pamoja na mabanzi, yaani vile vipande vya kwanza vya nje, upande mmoja ubao na upande mwingine gome. Watu walinung'unika njiani wakirudi makwao. Mbele yake hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu mwakani wangemhitaji tena.

Mimi si mtu wa Handeni kwa kuzaliwa. Nimezaliwa Korogwe, kwenye nyumba za safu za shamba la mkonge, na babu yangu aliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge huo. Kwa ukoo wa mume wangu, Wazigua wa siku nyingi wenye mashamba ya mababu, nilikuwa binti wa manamba. Mume wangu hakuwahi kulitamka neno hilo. Shemeji alilitamka kwenye mkeka wa chakula, mbele ya wageni, na ukinuna anakuambia ni utani wa mashemeji. Utani wa mashemeji naujua na naupenda, na nina ulimi wa kuujibu. Ule wake ulikuwa dharau iliyovalishwa kanzu.

Mume wangu aliugua kwa muda mfupi akafariki. Wiki chache kabla ya hapo, shemeji alikuwa ametukatia mtiki mmoja shambani, mnene kuliko yote, mti ambao mume wangu aliupanda mwaka tuliooana. Mgao ulikwenda kama kawaida. Mbao nzuri ziliingia kwenye stoo yake, na sehemu yetu ikabaki imelala uani kwake ikisubiri tupate mkokoteni wa kuibeba.

Sisi Waislamu, maiti akishalazwa kwenye mwanandani, anafunikwa kwa mbao kabla ya udongo, ili udongo usimwangukie. Siku ya maziko watu walipouliza mbao, shemeji akasimama akasema, "Mbao niachieni mimi. Huyu ni mdogo wangu." Wakamwombea dua, wakasema kaka ndiye huyo. Mimi nilikuwa chumbani na wanawake, nimejifunika kanga, lakini dirisha langu linatazama uani. Nikaona vijana wanapita wamebeba mabanzi. Yalikuwa yamepinda, magome bado yapo, moja lina matundu ya wadudu. Nikayatambua. Yalikuwa ya ule mtiki wetu. Alikuwa ameacha stoo nzima ya mbao zilizonyooka, akaenda kumfunika mdogo wake kwa mabaki yetu wenyewe, na bado akashukuriwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama karibu yangu pale dirishani. Naye aliona. Aliniangalia, nikamwangalia; nyumba ilikuwa imejaa watu.

Basi nikakaa eda. Mjane wa Kiislamu hatoki nje bila sababu kubwa mpaka eda imalizike, na watu hudhani kazi yake humo ndani ni kulia. Nililia. Nilipomaliza kulia nikaanza kusikiliza. Baba yangu alifanya kazi korona, ile mashine kubwa inayokamua majani ya mkonge zibaki nyuzi, na jioni akiwa amekaa nje alikuwa anaweza kukwambia kwa mlio peke yake kwamba leo mkanda umelegea au kwamba mtu amelisha majani mengi mno. Nililelewa na sikio hilo, ila sikuwahi kulipatia kazi.

Shemeji alikuwa anakata miti jirani, na mlio ulinifikia kitandani. Asubuhi mashine yake iliwaka vizuri. Ikishapata moto na kuzimwa, haikuwaka tena mpaka ipoe, na yeye alivuta kamba, akavuta, akatukana, akavuta. Mnyororo ulipokuwa butu nilijua, maana injini ililia juu juu bila kula kitu, na alasiri yule mtoto wa jirani aliyeniletea maji alikuja na unga wa mbao kwenye nywele, laini kama wa ngano. Mnyororo mkali hautoi unga, unatoa vipande. Siku moja nikajikuta natabasamu gizani chini ya kanga. Nilikuwa nimegundua kwamba mtu ambaye mtaa mzima unamwogopa alikuwa anategemea kitu kibovu.

Mama mkwe alikuwa akija kukaa nami. Aliongea kidogo tangu mwanawe afariki. Siku moja, akichambua mchicha, akasema bila kuinua uso, "Mwanangu wamemfunika na magome."

"Niliona, mama."

"Mimi msije mkanifunika hivyo."

"Hutafunikwa hivyo, mama. Mimi nipo."

Akaendelea kuchambua mchicha. Mimi nilibaki na ile ahadi mdomoni, na kwa mara ya kwanza hasira yangu ikapata kazi ya kufanya. Nilikuwa nimewaza mambo mengi ya kijinga: kwenda kumtukana hadharani, kumshitaki kwa wazee, kuhama. Sasa nikajua ninachotaka. Nilitaka niwe na mashine, niwe na mbao, na siku ikifika, aje aombe.

Eda ilipokwisha niliuza pikipiki ya marehemu, tuliyoinunua pamoja kwa mahindi yetu, kwa mtu mmoja wa Kabuku. Shemeji alikuwa ameshatuma ujumbe kwamba ataichukua "aitunze." Alipokuja kuitunza alikuta alama ya matairi uani. Nilimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo shemeji," nikamkaribisha chai. Tangu siku hiyo sijawahi kumnyima shikamoo hata mara moja. Nampa zote, na kila moja inamkera.

Nikaenda Korogwe. Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu mwenye hasira hununua haraka. Mimi nilikuwa na hasira ya kutosha kunifanya niwe mwangalifu. Kama ningenunua mashine rahisi ikafa baada ya mwezi, shemeji angeicheka mpaka aingie kaburini. Kama ningenunua kubwa kupita kiasi, ingenivunja mgongo na kunimalizia petroli, na angecheka vilevile. Nilihitaji ya wastani, ninayoweza kuibeba kutwa, inayoangusha mtiki na kuupasua, na itakayowaka siku ninayoitaka iwake. Kisasi kinachozimika katikati ya kazi ni kichekesho.

Duka la kwanza, muuzaji alinionyesha moja kubwa inayong'aa, nyekundu, na bapa lake, ule upanga unaobeba mnyororo, lilikuwa refu. Bei yake ilikuwa chini kuliko nilivyotarajia na yeye akawa anaipapasa. "Mama, hii ndiyo mashine. Hii inaangusha hata mvule."

"Spea zake?"

"Hii haiharibiki, mama."

Nikamuaga. Mtu akishakuambia mashine haiharibiki, anakuambia kwamba ikiharibika haimhusu.

Sikwenda duka la pili. Nilikwenda kwa fundi, mtu mmoja karibu na soko anayetengeneza misumeno, pampu na mashine za kupulizia dawa. Alikuwa na maneno mengi na mikono michafu, anapenda soda baridi na anapenda zaidi kusifiwa. Nilimnunulia soda nikaomba kukaa kwenye benchi lake. Nilikaa hapo siku kadhaa nikitazama kinacholetwa. Wauzaji wanajua sura za mashine zikiwa mpya. Kwa fundi unaziona zikiwa zimekufa, na unasikia zilikufaje.

Zile nyekundu zinazong'aa zilikuwa zimerundikwa kwenye kona chini ya turubai. "Hizi zinangoja nini?" nikauliza.

"Zinangoja ufufuo," akasema, akacheka mwenyewe. Pistoni ikikwaruzika hakuna nyingine ya kuingia humo, akaeleza, wala kamba, wala klachi, kwa sababu kila shehena inakuja na vipimo vyake.

Ukutani, kwenye misumari, alikuwa ametundika spea, na nikaona kwamba karibu zote zilikuwa za aina mbili tu. Nikamuuliza kwa nini ananunua spea za hizo. Akasema, "Kwa sababu zinatengenezeka." Nikafikiri sana juu ya hilo nikiwa njiani kwenda kulala kwa dada yangu. Nilikuwa nimekuja kutafuta mashine isiyoharibika. Kumbe nilitakiwa nitafute ile ambayo ikiharibika leo, kesho inakata. Basi mojawapo ya zile aina mbili ndiyo ningeichagua, na ukuta wa fundi ukawa ushauri wangu.

Fundi alikuwa na moja ya aina hizo, iliyotumika, iliyotoka shamba la mkonge, akaisifia. Ilikuwa bei nzuri na nikaitamani. Nikamwambia nataka kuipima. Binamu yangu, mtu mzima aliyekata visiki mashambani miaka mingi, alikuwa amenifundisha: unaishika kwa kile kishikio cha kamba ya kuwashia, unaiacha ining'inie. Injini yenye nguvu inashuka polepole, kwa kugoma goma. Ile ilishuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Fundi akaanza kunieleza habari za hali ya hewa. Nikamwambia asante, nikamnunulia soda nyingine, maana nilijua nitamhitaji.

Nikanunua mpya ya aina hiyohiyo, ya ukubwa wa kati, si nzuri kwa sura, kutoka kwa muuzaji mwingine aliyekuwa mvumilivu mwanzoni. Nilimwambia aiwashe. Nikaelekeza ncha ya bapa juu ya kipande cha boksi mpaka oili ya mnyororo ikachora mstari, ndipo nikajua mnyororo unapakwa mafuta. Nikataka tukate gogo mpaka injini ipate moto, tuizime, tukae kidogo, tuiwashe tena. Hapo ndipo uvumilivu wake ulipoisha. "Mama, mbona unaipima hivi? Hii si ndoa."

"Ndoa nilishafunga," nikamwambia. "Iwashe."

Ikawaka mvuto wa pili, ikiwa ya moto vilevile. Nilimfikiria shemeji anavyovuta kamba yake na kutukana, nikalipa bila kuomba tena apunguze.

Binamu yangu alikuja Handeni kunifundisha, kisha akabaki tukafanya kazi pamoja. Yeye aliangusha, mimi nikapasua. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu, gambuti, na kilemba, na mwezi wa kwanza mikono ilikuwa inatetemeka hata kushika kikombe. Nilijifunza kunoa kwa tupa kila ninapojaza petroli, bila kusubiri mnyororo uwe butu. Chujio la hewa nililisafisha kila jioni kama nilivyosafisha sufuria. Kuchanganya petroli na oili sikumwachia mtu yeyote, hata binamu, kwa sababu nilijua mashine nyingi za kwenye ile kona ya fundi zilikufa kwa mtu kukadiria kwa macho.

Kisha nikatangaza masharti yangu. Nusu kwa nusu, kama ilivyo desturi. Ila kwangu, mwenye mti anachagua kwanza.

Sikusema zaidi. Habari ilitembea yenyewe. Mtu wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja mwenye mitiki michache, aliyekuwa amemsubiri shemeji barazani kwa miaka. Nilipompasulia na kumwambia achague, alisimama pale amekunja mikono, hajui aanzie wapi. Akachagua ubao mmoja mzuri, akaniangalia kama nitamkataza. Nikamwambia aendelee. Alichagua hadi akaona haya, mwishoni akaniachia mzuri mmoja kwa hiari yake. Nilikuwa nimeumia kwa mbao zile, sitaki kudanganya, zilikuwa na bei. Lakini nilimwona shemeji kwa mbali amesimama kwenye njia panda, anatazama, na roho yangu ikasuuzika.

Wakaja wengine. Baraza la shemeji likaanza kuwa na nafasi. Nilikuwa na njia fupi ya kwenda mashambani, na nikaiacha. Nilipita ile ndefu, mbele ya nyumba yake, chensoo begani. "Shikamoo shemeji. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Alijibu marahaba bila kuinua macho. Kila asubuhi niliiwasha uani kwangu, hata siku ambazo sina kazi, kupima tu, nikaiacha iungurume kidogo. Mama mkwe, ambaye sasa alikuwa anakaa kwangu muda mwingi kuliko kwa mwanawe mkubwa, alinikuta siku moja nikifanya hivyo. "Leo mna mti wapi?" akauliza. Nikasema hatuna. Akaangalia upande wa ua wa mibono, akaenda zake jikoni, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Mwaka huo nilikata mtiki mwingine kwenye shamba letu, wa pili kwa unene, nao alioupanda mume wangu. Nilizipasua mbao za moyo wa mti kwa utulivu kuliko zote nilizowahi kupasua, nikazirandisha, nikazilaza darini zikiwa zimetenganishwa na vijiti zikauke bila kupinda. Mama mkwe aliomba kuziona. Alipitisha kiganja juu ya mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Haya." Mabanzi ya mti ule niliyaweka kando, sikuyapeleka jikoni.

Shemeji hakukubali kukaa. Aliuza mbao zote zilizokuwa stoo, zile zote alizojichagulia kwa ncha ya kiatu, akapanda basi kwenda Korogwe, akarudi na mashine mpya. Niliisikia kabla ya kuiona na sikuijua sauti yake. Nilipoiona niliingia ndani nikafunga mlango ili nicheke vizuri. Ilikuwa ile nyekundu inayong'aa, bapa refu. Aliitembeza mtaani kama bwana harusi. Akasema wanawake wana vimashine vya kukatia mapera.

Akapata kazi upande wa Kabuku, miti mikubwa ya zamani iliyosimama kwenye mpaka wa shamba la mkonge lililoachwa. Alitangaza habari hiyo dukani, wakati watu wamejaa, nami nimeenda kununua sukari. Hapo nikapata nafasi yangu. Sisi wa nyumba za safu tunajua kitu kuhusu miti ya mipaka ya mkonge. Zamani waliipigilia seng'enge, na miti ikanenepa ikaimeza. Nje huoni kitu. Ndani kuna waya. Watoto wa manamba tulikatazwa hata kuikata kuni, kwa sababu mashoka ya baba zetu yaliharibikia humo.

Ningeweza kunyamaza. Niliona ni bora kusema, na kusema kwa sauti. "Shemeji, ile miti ya mpaka ina seng'enge ndani. Kata juu, usikate chini, au waombe wakupe mingine."

Alifanya nilivyojua atafanya. Aligeuka kwa watu akacheka. "Jamani, manamba ananifundisha kukata miti!"

Wengine wakacheka naye. Nikalipia sukari yangu, nikawaaga wote, shemeji nikamtakia kazi njema. Nilikuwa nimemwambia ukweli mbele ya mashahidi, na nilijua hatausikia kwa sababu umetoka kwangu. Sijawahi kusema ukweli kwa furaha kama ile.

Mti wa kwanza tu, mnyororo ulikutana na waya. Ulikatika, ukamkosa, namshukuru Mungu kwa hilo kwa ajili ya mama yake. Bapa likajikunja, na kitu ndani kikapasuka, kwa sababu baada ya hapo injini ilinguruma bila kuzungusha chochote. Aliipeleka Korogwe, kwa fundi wangu. Fundi akamwonyesha ile kona yenye turubai. Akaenda hadi Mombo akiwa na ile klachi iliyopasuka mfukoni, anaulizia kila duka, akarudi nayo. Ile yake ya zamani nayo ilikuwa imeshagoma kabisa. Zote mbili zikalala stoo, mahali palipokuwa na mbao.

Mama mkwe alifariki alfajiri, nyumbani kwangu, bila kumsumbua mtu. Maziko yakapangwa baada ya swala ya adhuhuri. Watu walijaa uani kwa shemeji, maana yeye ndiye mwanawe mkubwa na msiba ulikuwa kwake, na kama ilivyo kawaida mtu akauliza mbao. Stoo ya shemeji ilikuwa na mashine mbili mbovu. Wakatumwa wanaume wawili kuja kwangu.

Niliwaambia mbao zipo. "Lakini aje mwenyewe."

Mmoja wao, mtu wa msikitini ninayemheshimu, akasema kwa upole, "Mama, leo si siku yake."

"Mzee, siku yenyewe ndiyo leo," nikasema. "Aje."

Nilikuwa nimelia tangu alfajiri na sauti ilikuwa imekauka. Nadhani waliona usoni kwangu kwamba hakuna maneno yatakayosaidia, na muda wa maziko hausubiri. Nilimsaidia binamu yangu kuteremsha mbao kutoka darini. Tukazilaza uani upande mmoja. Upande wa pili nikayalaza yale mabanzi, yaliyopinda, na magome yake.

Shemeji akaja, na watu nyuma yake, wengi wao walewale waliobeba mabanzi ya mume wangu. Alisimama katikati ya marundo mawili. "Shemeji," akasema, "tunaomba mbao za mama."

"Zipo, shemeji. Zote zimetoka kwenye mti mmoja, aliupanda mdogo wako. Hapa kwangu mwenye mti anachagua kwanza, na yeye hayupo. Chagua wewe."

Aliyatazama mabanzi kwa muda. Nilimwona anayatambua, si hayo yenyewe, yale mengine. Kisha akageukia upande wa pili, akainama. Alishika ubao wa kwanza akauinua usawa wa jicho, akafumba jicho moja, akautazama urefu wake wote kuona kama umenyooka. Akapitisha kidole gumba pembeni. Ndivyo alivyozoea kufanya kwenye mbao za watu, na mikono ilifanya yenyewe, mbele ya kila mtu. Akauweka kando. Akainua wa pili, akautazama vilevile.

"Kumbe ubao mzuri unaujua," nikasema.

Akauweka juu ya wa kwanza, akainua wa tatu.

"Na siku ile ulikuwa unaujua."

Yule mtu wa msikitini aliangalia chini. Shemeji alibaki ameinama, ubao mikononi. Kisha akazikusanya mbao zote, akazibeba mwenyewe. Wanaume walitaka kumpokea, akakataa, akaenda nazo begani mpaka nje ya ua, na watu wakamfuata. Mimi nikarudi ndani kwa wanawake. Nilikuwa nimefiwa na mama aliyenipenda kuliko ndugu zangu wengi, na nilikuwa na furaha kifuani iliyonifanya nishike ukuta.

Ilisemwa mtaani kwamba siku ile nilimsamehe. Wanasema nilimpa mbao nzuri, nikamstiri mama yake. Wanapokuja kunipongeza kwa moyo wangu mkubwa nawaitikia, nawakaribisha chai. Mama mkwe nilimstiri. Mtoto wake sikumpa kitu. Mashine yangu ina mwaka wa nne sasa, nimebadilisha plagi na mnyororo, na kamba mara moja, spea zikitoka palepale ukutani kwa fundi. Bado inawaka mvuto wa pili.

Yale mabanzi sikuyachoma. Yameegemea ukuta wa jiko langu, upande unaoonekana kutoka barazani kwa shemeji, yanakauka taratibu. Watu huniuliza nayaweka ya nini, nawaambia yana kazi yake, siku ikifika. Yeye huyaona kila asubuhi akinywa chai, na hajawahi kuuliza.